Ndugu wa Rumonge, Faili la Sumbawanga

Kuanzia 1974 hadi 2012, mkuu wa mkoa aliyekaa Sumbawanga alikuwa na makumi ya maelfu ya watu ambao aliwajibika kwao ingawa hawakuwa raia. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, wilaya ya Mpanda ilimegwa kutoka Tabora ikaungwa na Ufipa. Pamoja na Mpanda yakaja makazi ya Katumba, yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka mmoja kabla, kandokando ya reli itokayo Kaliua. Mwaka 1978 yakafunguliwa ya Mishamo, magharibi zaidi, ndani ya miombo inayoelekea Ziwa Tanganyika. Wakazi wa pande zote mbili walikuwa Warundi.

Kutoka Sumbawanga hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 200. Unaiacha baridi ya uwanda wa juu, unapita Chala, unakata mbuga ya Katavi, ndipo unapolikuta joto na mbung'o. Mfipa angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa Sumbawanga bila kuiona Katumba hata siku moja. Hata hivyo, Rukwa iliposifiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ndiyo mikoa minne inayoilisha nchi, sehemu ya mahindi na maharage yaliyohesabiwa katika sifa hiyo ilikuwa imelimwa na Warundi hao.

Ufipa yenyewe ina mazoea na watu wa kuja. Simulizi za wazee zinaanza utawala wa Watwaki kwa wanawake watatu wageni waliotokea kaskazini na kufika Milansi wakati mwenyeji akiwa mawindoni. Katika miaka ya 1840, Zwangendaba, aliyewaongoza Wangoni kwa safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika, alifia kwenye uwanda huu, na msafara wake ukapasuka. Mpezeni akaishia nchi ambayo leo ni Zambia, M'mbelwa Malawi, wengine wakafika Songea, wengine wakapanda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Ndugu wa baba mmoja walitawanyika vile bila afisa yeyote kuwaandikia chochote. Warundi wa Katumba na Mishamo walitawanyika kwa namna nyingine. Vita viliwatenganisha kwa wiki chache za mwaka 1972, halafu kwa miaka arobaini na zaidi kila jaribio lao la kukutana tena lilipita kwenye fomu, kibali au cheti. Naamini fomu zimewagawa kuliko bunduki, na hasa fomu zilizoletwa na amani.

Ili hadithi hii isielee juu juu, nitawafuata ndugu watano wa Rumonge, mji wa michikichi kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Watano hawa nimewaunda mwenyewe na sikuwapa majina. Nimewaunganisha kutokana na mapito ya familia nyingi, na kila hatua yao ilipigwa na maelfu ya watu halisi.

Jioni ya tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi, wakaua maafisa na raia wa Kitutsi. Usiku huohuo, huko Gitega, mfalme wa zamani Ntare wa Tano aliuawa akiwa mikononi mwa serikali. Jibu la utawala wa Michel Micombero lilizidi uasi wenyewe kwa mbali. Jeshi, likisaidiwa na vijana wa chama tawala, lilianza kuwakamata Wahutu waliosoma au waliokuwa na chochote: walimu, wanafunzi wa sekondari, makarani, mapadri, wachungaji, wafanyabiashara. Kulikuwa na orodha. Mtu aliitwa jina, akapanda lori, basi. Makadirio ya waliokufa kati ya Aprili na Agosti huanzia 100,000 na kufika 300,000. Warundi wenyewe huuita mwaka ule Ikiza.

Wa pili kati ya ndugu zetu watano alikuwa mwalimu. Alichukuliwa Mei, akaacha mke na mtoto mchanga wa kiume. Mtoto huyo mumkumbuke, kwa maana atarudi kututatiza.

Waliobaki wanne walikimbilia kule ambako kila mmoja aliona njia. Kaka mkubwa, mwenye shamba la michikichi, alipanda mtumbwi usiku na mkewe, watoto wake na yule yatima, wakashika ufuko kuelekea Kigoma. Wa tatu alivuka ziwa moja kwa moja hadi upande wa Kongo, akaishi Uvira. Wa nne, dada, alikuwa ameolewa na mvuvi, wakatua Ujiji. Wa mwisho alikuwa bado mtoto, naye alibaki mlimani na mama yao, wakajificha mpaka mauaji yakapungua. Waliporudi bondeni walikuta shamba la baba limeshaandikwa kwa wengine, na baadaye sehemu ya ardhi ile ya Rumonge ikaingizwa kwenye miradi ya michikichi ya serikali.

Tanzania ilipokea zaidi ya watu 100,000. Mwanzoni walikaa Kigoma, karibu na mpaka, na mwaka 1973 vijiji vya mpakani vikashambuliwa kutoka Burundi. Kuwasogeza ndani ya nchi kukawa jambo la usalama pamoja na kuwa jambo la huruma. Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, ilikuwa imeshafunguliwa 1972. Katumba ikafuata.

Wageni wa Ulaya waliandika kwamba sehemu zile zilikuwa tupu. Utupu huo ulikuwa na historia. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilipopambana na ugonjwa wa malale magharibi mwa Tanganyika, iliwaondoa watu msituni na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Wakonongo na Wabende walihamishwa, mbung'o akabaki na wanyama. Nusu karne baadaye Warundi walipewa panga, jembe, mbegu na posho ya chakula mpaka mavuno ya kwanza, wakaambiwa wafyeke palipoachwa na wenzao. Na wakati wao wakifyeka, Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha wenyeji wa Rukwa yote, Ufipa pia. Katika miaka ile mkoani hapa, mtu kutokukaa alikozaliwa lilikuwa jambo la kawaida.

Kazi ya kujenga makazi iligawanywa kwa watatu: serikali ilitoa ardhi na utawala, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikatoa fedha, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lenye mizizi kwa Walutheri, likajenga barabara, visima, zahanati na shule. Mishamo ilipangwa kwa rula. Ilikuwa na vijiji 16, na kila familia ilipewa hekta tano, nyumba zikifuata mstari wa barabara. Wengi walioletwa huko walitoka Ulyankulu, ambako maji na ardhi vilikuwa vimezidiwa, na si wote waliopanda malori kwa hiari. Familia iliyokwisha kutawanywa na vita ikatawanywa mara ya pili na mpango wa maendeleo: binti aliyeolewa akabaki Ulyankulu, wazazi wakaenda Mishamo.

UNHCR ilikabidhi makazi moja baada ya jingine kwa serikali, Mishamo ikiwa ya mwisho, 1985. Miaka miwili kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa amepewa medali ya Nansen. Heshima ilimstahili. Nchi chache duniani ziliwapa wakimbizi ardhi ya kulima na si hema la kungojea. Lakini tusisahau upande wa pili wa sarafu. Mkazi wa Katumba hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali cha mkuu wa makazi, chenye sababu ya safari, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Sheria ya wakimbizi ya 1965 ilisema hivyo. Kaka mkubwa, aliyekuwa sasa Katumba akilima tumbaku, mahindi na mihogo, aliweza kuomba kwenda Mpanda kutibiwa. Kwenda Ujiji kumwona dada yake lilikuwa ombi gumu zaidi, kwa sababu dada hakuwa kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Dada alikuwa amekuwa Muha. Kirundi na Kiha husikilizana, na mjini Kigoma Warundi wengi wa 1972 walichagua kupotea katikati ya wenyeji: jina la Kiislamu au la Kiswahili, kadi ya chama, biashara ya dagaa. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo na Kigoma katikati ya miaka ya 1980, aliiona tofauti hii vizuri. Watu wa makazini waliishika historia yao kwa nguvu na kuisimulia kila walipokaa, ilhali wale wa mjini walijitahidi isijulikane. Sioni haki ya kumlaumu wa upande wowote. Ila kwa familia yetu maana yake ilikuwa hii: kaka mwenye karatasi hakuweza kusafiri, na dada asiyekuwa nayo hakutaka kupokea barua yenye muhuri wa makazi ya wakimbizi.

Habari zilipita kwa njia nyingine. Zilipita kwa wavuvi, kwa wachungaji wa makanisa ya Kipentekoste waliokuwa na waumini pande zote za ziwa, na kwa barua za Msalaba Mwekundu, zilizoachwa wazi ili yeyote aweze kuzisoma na kwa hiyo ziliandikwa na watu waliokwishajua kutosema mambo. Kuanzia 1994, BBC ilipoanza kutangaza kwa Kirundi na Kinyarwanda, watu walikaa karibu na redio wakisubiri matangazo ya wanaotafutana.

Mara moja ilionekana kama vita vimekwisha. Juni 1993, Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais, Mhutu wa kwanza, kwa kura ambazo hata mpinzani wake alizikubali. Naye mwenyewe alikuwa ameishi ukimbizini Rwanda. Katumba na Mishamo kulikuwa na waliouza mbuzi na kufunga mizigo, na baadhi walikwishavuka. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi walimwua, na Burundi ikaingia kwenye vita vilivyochukua zaidi ya miaka kumi. Waliokuwa wamerudi walikimbia tena. Wakimbizi wapya walimiminika Kibondo, Kasulu na Ngara, safari hii kwenye kambi za mahema na mgao wa unga, kwa sababu Tanzania ya miaka ya 1990 haikuwa tena na moyo wa kugawa hekta tano. Hivyo Mrundi wa 1972 mwenye shamba Mishamo na Mrundi wa 1993 anayengoja mgao katika kambi ya Mtabila wakawa chini ya serikali moja na shirika moja, kwa masharti mawili tofauti, hata kama walikuwa wa baba mmoja.

Kaka wa Uvira aliingia kundi hilo la pili kwa mlango wa nyuma. Oktoba 1996 vita vya Kongo vilianzia mashariki, na Uvira ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuanguka. Baada ya miaka 24 ya kuishi Kongo, akiwa na mke Mfuliru na watoto saba, alivuka ziwa hadi Kigoma na kupelekwa kambini Kasulu. Aliandikishwa kama aliyefika 1996. Kaka yake mkubwa, aliyekimbia usiku uleule wa 1972, alikuwa Katumba, mkoa wa jirani. Walipata kuonana mara chache, kwa vibali.

Amani ilikuja kwa mafungu. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa msuluhishi aliyeipokea kazi baada ya kifo cha Mwalimu. Waasi wa CNDD-FDD waliweka silaha chini baada ya makubaliano ya 2003, na mwaka 2005 kiongozi wao Pierre Nkurunziza akawa rais. Kundi jingine la waasi, FNL, liliendelea kupigana hadi 2008. Hata kabla ya hapo, wenye faili walikuwa wameanza kufungua makabati.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kaka wa Uvira. Oktoba 2006 Marekani ilitangaza kwamba ingewachukua Warundi wa 1972 walio katika kambi za Tanzania, wengi wao wakiwa watu waliokimbilia kwanza Rwanda au Kongo na kukimbia tena. Zaidi ya 8,000 walisafiri katika miaka iliyofuata, wakasambazwa katika miji ya majimbo mengi. Ilihesabiwa kwamba wao hawana pa kurudi, kwa kuwa ardhi yao ilichukuliwa zamani mno. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ila ilikuwa sahihi vilevile kwa kaka mkubwa, ambaye hakuhusika kwa sababu aliishi makazini na si kambini. Waliotimuliwa mara mbili walipewa ndege. Aliyetimuliwa mara moja na kulima kwa bidii miaka 35 alihesabiwa kuwa ameshapata suluhisho.

Kaka wa Uvira aliondoka akiamini atawavuta wengine. Ndivyo kila mhamiaji anavyoamini, tangu manamba wa Kifipa walipoenda mashamba ya mkonge ya Tanga na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini wakiahidi kutuma nauli. Lakini sheria ya Marekani ya kuunganisha familia za wakimbizi ilikuwa na familia yake yenyewe: mume, mke, wazazi, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Kaka na dada hawakuwamo. Halafu, mwaka 2008, wakaguzi walianza kupima vinasaba vya waombaji jijini Nairobi, kisha katika nchi nyingine kadhaa za Afrika. Familia nyingi zilikataa kipimo au zikashindwa, na Oktoba mwaka huo mpango wote ukasimamishwa Afrika. Haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012, safari hii vinasaba vikiwa sharti.

Bila shaka udanganyifu ulikuwepo. Nafasi ziliuzwa, na anayekana hilo hajaishi karibu na kambi. Lakini mfikirieni sasa yule yatima wa mwalimu. Alilelewa na kaka mkubwa tangu ana miezi michache. Katika Kirundi, kama katika Kifipa na karibu lugha zote za kwetu, ndugu wa baba ni baba, na mtoto wa ndugu ni mtoto. Hakuna aliyemwita mpwa. Familia kama hizi, zilizojaa watoto wa waliokufa, ndizo ambazo mauaji ya 1972 yalizizalisha kwa makusudi, kwa kuua kizazi cha walimu na kuacha watoto wao kwa wakulima. Kwa familia za aina hii zilizoomba Marekani, kipimo cha mate kilikuja kuuliza swali ambalo zilikuwa zimelijibu zamani, na jibu la maabara likawa kwamba mtoto si mtoto. Afisa hakuwa mkatili. Fomu yake haikuwa na kisanduku cha Ikiza.

Kwa Katumba na Mishamo mwisho wa vita ulifika kwa jina refu: mkakati wa suluhisho kamili, uliokubaliwa mwishoni mwa 2007 kati ya Tanzania, Burundi na UNHCR. Watu wa makazi matatu walihesabiwa, wakapatikana 218,000 hivi, wengi wao wakiwa wamezaliwa Tanzania. Kila mtu mzima aliulizwa swali moja: unarudi Burundi, au unaomba uraia? Watu wanne kati ya watano walijibu uraia. Anayeijua Katumba hashangai. Kijana wa miaka 30 aliyesoma kwa Kiswahili, anayeshabikia Simba au Yanga na mwenye ekari za tumbaku, angerudi wapi?

Lakini swali liliulizwa kwa mtu mmojammoja, na hapo ndipo nyumba zilipogawanyika. Kaka mkubwa, akiwa na zaidi ya miaka 70, alitaka azikwe Rumonge. Mkewe alitaka kubaki na wajukuu. Mwana wa kwanza alikuwa na duka. Mwana wa pili hakuwa na ardhi ya kutosha, maana zile hekta za 1973 zilikuwa zimegawanywa kwa kizazi kizima. Familia nyingi zilifanya hesabu ya mkulima na kugawana hatari: mzee na mwana mmoja wakadai shamba la Burundi, waliobaki wakaomba uraia, na atakayefanikiwa awaite wengine. Mpango wa kuungana ulianza kwa kutengana. Kwenye takwimu ulionekana kama hiari ya watu binafsi.

Kuanzia 2008 mpaka mwishoni mwa 2009, zaidi ya watu 53,000 waliondoka, kwa treni na kwa malori. Mzee na mwanawe walifika Rumonge na kukuta wanatarajiwa na mtu mmoja na kuogopwa na wengi. Ndugu wa mwisho, yule mtoto wa mlimani, sasa alikuwa mtu wa makamo mwenye kipande kidogo cha shamba pembeni mwa lile la baba. Sheria ya Burundi ilimlinda aliyekaa kwenye ardhi miaka 30. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 iliwasihi watu wagawane nusu kwa nusu. Baada ya 2011, chini ya uongozi mpya, ikaanza kumrudishia aliyekimbia shamba zima. Kila njia ilimwumiza mtu. Watoto wa mwana wa pili, waliokuwa darasa la tano Katumba, waliingizwa madarasa ya chini kwa sababu hawakujua Kifaransa, na wenzao wakawaita Watanzania.

Upande wa Tanzania, walioomba uraia walitangaziwa mwaka 2010 kwamba wamekubaliwa: watu 162,000 na ushei. Idadi hiyo haikuwa na mfano katika historia ya wakimbizi, na magazeti ya dunia yaliisifu Tanzania. Waziri Mkuu wakati huo, Mizengo Pinda, alikuwa mtoto wa Mpanda. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, waukane uraia wa Burundi, ijapokuwa Burundi yenyewe inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ni Tanzania isiyoruhusu. Pili, wayahame makazi na kusambazwa katika mikoa mingine, ili wasibaki kabila ndani ya uzio. Cheti kingetolewa baada ya kuhama.

Sharti la pili liliwapiga butwaa. Kwa miaka minne watu waliishi kati ya kauli mbili. Hakuna aliyejua kama apande mihogo inayokomaa kwa mwaka na nusu, au kama abadilishe bati lililotoboka. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba kampuni ya Kimarekani, AgriSol, ilikuwa na mpango wa mashamba makubwa juu ya Katumba na Mishamo zenyewe, na kila mtu akajua, au akadhani anajua, kwa nini anatakiwa ahame. Machi 2012 Katavi ikawa mkoa, na mafaili yakahama kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda. Wenye mafaili hawakusogea.

Katika miaka hiyo minne, mtu wa Katumba alikuwa ameukana uraia mmoja na hajakabidhiwa karatasi ya mwingine. Mzee wetu alifariki Rumonge mwaka 2012, kama alivyotaka, kwenye ardhi ambayo tume ilikuwa haijaiamua. Mwana wa kwanza, mwenye duka, hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote ya kumpeleka mazikoni. Wengine katika hali yake walivuka kwa njia za panya kupitia Kasulu. Wengine walituma pesa kwa simu, wakasikiliza ibada kwa simu hiyohiyo. Kutoka Marekani, kaka wa Uvira alituma dola na kuomba picha ya kaburi.

Hatimaye serikali ililegeza. Sharti la kuhama liliondolewa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kukabidhi vyeti. Mwaka uliofuata watu wa Katumba na Mishamo walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa Tanzania. Yule yatima wa mwalimu, mwenye miaka 43, alikuwa kwenye foleni ya kura, raia kamili, baba wa watoto waliokuwa hawajawahi kuwa kitu kingine.

Aprili mwaka huohuo wa 2015 Nkurunziza alitangaza kugombea muhula wa tatu, na Burundi ikapasuka tena. Watu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakawa makumi ya maelfu ufukweni, na kipindupindu kikazuka. Hakukuwa na barabara ya gari kutoka pale. Iliyowachukua hadi Kigoma ni MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani kabla ya vita vya 1914, ileile ambayo watu wa Ufipa walikuwa wakiipanda Kipili na Kasanga wakipeleka mchele na dagaa. Kati ya waliopanda walikuwemo wengi waliorejeshwa miaka saba tu nyuma. Mwana wa pili alikuwa mmoja wao, pamoja na watoto wake, ambao sasa walikuwa wameshajifunza Kifaransa.

Alipelekwa Nyarugusu, Kasulu. Aliomba aende kwa kaka yake Katumba, mwenye nyumba, duka na cheti cha uraia, ambaye angemlisha bila kuigharimu dunia kilo moja ya unga. Sheria ya wakimbizi ya 1998 ilitaka mkimbizi akae kambini. Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kama kundi, na mwaka uliofuata ikajitoa kwenye mpango mpya wa kimataifa wa kuwachanganya wakimbizi na wenyeji. Mrundi wa Nyarugusu aliyetaka kumtembelea ndugu yake raia wa Tanzania aliomba kibali kwa mkuu wa kambi, na kibali hicho kiliandikwa sababu ya safari, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi.